Kishindilio cha Mikidadi

3 Machi 1996

Kibosho kumekucha na mawingu, ila mvua yenyewe bado. Nimerudi kanisani, nimekaa mezani, na kwa kuwa miaka yote nimezoea kuandika nilichoonja, naandika: leo sikuonja kitu. Jana pia. Tangu ile homa ya Februari ulimi wangu umekufa. Mtori wa ndizi, pilipili, pombe ya mbege, kahawa, vyote kwangu ni maji, ya moto au ya baridi.

Mimi Sirili! Mnada wa kahawa Moshi, nilikuwa nikivuta kijiko cha kuonja watu wananyamaza. Soko lilipofunguliwa kwa watu binafsi, ofisi ya kahawa ilitupunguza sisi waonjaji, tukarudi kwenye migomba yetu, lakini makampuni yaliyoingia yakanifuata huku huku na mifuko yao ya sampuli. Sasa Aristides, mnunuzi wa kampuni moja hapo mjini, ameahidi kunipa kazi ya kuonja msimu wote unaokuja. Akijua hali yangu, nimekwisha. Nitabaki mzee wa kupalilia, nikisalimiwa kwa huruma.

Hakuna anayejua. Ninaye Stella, binti yangu, ndiye aliyebaki nyumbani tangu mama yake afariki. Ana miaka thelathini na moja. Kuonja nilimfundisha mwenyewe, tunaonja pamoja, na uso wake hauwezi kuficha kitu. Kahawa yenye uchachu humkunja pua. Yenye uchungu humfumbisha jicho la kushoto. Kahawa nzuri humlegeza midomo. Namtazama, kisha natangaza. Yeye hajui kama namsoma. Stella akiondoka hapa, ulimi wangu umeondoka naye.

5 Machi

Hakuna mvua. Nimemkaripia Stella juu ya chumvi ya maharage. Sijui kama ilizidi au ilipungua. Nilikaripia tu.

9 Machi

Leo yamenifika.

Nina mashine ya espreso. Aliniachia Mwitalia mmoja mnunuzi alipokuwa anarudi kwao, na kijiji kizima hakuna nyingine. Januari mpini wake ulilegea, nikamtuma Stella kwa fundi wa kukereza kule Majengo. Mpini ulirudi umekaza. Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe nilituma mpini, nikarudishiwa mkwe.

Amekuja saa nne asubuhi, anaitwa Mikidadi. Mtu wa mjini, Mwislamu, baba Mmanyema, mama Mpare, mgane wa miaka arobaini na kitu, mnene, anayecheka mizaha yake mwenyewe kabla hajaimaliza. Nilikuwa najiandaa kumfukuza pale pale kwenye migomba, nikaona ameshika isale mkononi.

Stella ndiye aliyemfundisha, hilo halina ubishi. Jani la isale tunalipanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba letu la ukoo, na kwenye makaburi ya wazee wetu, na mtu akikujia nalo kuomba msamaha, hata kama amekuchomea nyumba, huna mdomo wa kumkataa. Alilishika kama mtu aliyekamata panya kwa mkia, lakini alilishika. Akasema amekosa, amezungumza na binti bila kupitia kwa baba, anaomba radhi. Dada yangu Hilaria, ambaye tunapakana, alikuwa ameshatokea na kusimama pembeni na kikapu chake, shahidi ambaye hakuitwa. Nikanyoosha mkono, nikapokea.

Stella akatabasamu. Nikasubiri tabasamu likae vizuri, ndipo nikasema, "Nimesamehe. Lakini kusamehe ni jambo moja, na kutoa mtoto ni jambo lingine."

Hilaria alitegemea nitasema dini. Ningesema dini ningeonekana mtu wa heshima, lakini Stella angeenda kwa padre, padre angetafuta kibali, na mwisho wangepatana wote bila mimi. Nilitaka kitu ambacho hakimu wake ni mimi peke yangu. Nikaileta mashine mezani.

Nikamweleza. Unga wa kahawa unatiwa kwenye hiki kikombe kidogo cha chuma chenye matundu chini, kisha unashindiliwa. Kishindilio kikiwa chembamba, unga wa pembeni unabaki haujakaza, maji yanapenya huko na kahawa inatoka mbovu. Kikiwa kipana hakiingii. Kishindilio cha Mwitalia kilikuwa cha plastiki, kilipasuka zamani, tunashindilia kwa kitako cha glasi. "Wewe si fundi? Nitengenezee. Siku nitakapoonja kikombe nikasema kimekaa, lete wazee wako."

Akacheka, akasema mzee hilo ni jambo dogo. Akapima mdomo wa kikombe kwa rula ya chuma, akaaga. Stella akamsindikiza hadi barabarani, akakaa huko muda mrefu kuliko inavyohitajika kumsindikiza mtu.

17 Machi

Kimekuja cha kwanza. Mninga, kimepigwa msasa kinang'aa, mpini mnene wa kujaa kiganja. Kimeingia mdomoni mwa kikombe, kikakwama papo hapo. Kikombe kinapungua kadiri unavyoshuka, na yeye alipima juu. Nilicheka hadi nikakohoa. Nikamwambia kama ndivyo anavyopima, ashukuru hajawa fundi cherehani, mji mzima ungekuwa unatembea uchi.

Akacheka na yeye. Hilo ndilo baya lake, matusi hayamwingii.

18 Machi

Mvua imeanza, tena kwa fujo. Stella hasemi na mimi zaidi ya shikamoo.

30 Machi

Cha pili. Safari hii alipunguza mno. Kimezama vizuri, lakini pembeni ukabaki mviringo wa unga ambao haukuguswa. Tukaiwasha mashine. Nikaonja, nikamtazama Stella: pua ikakunjamana hata kabla hajameza. Nikatangaza uchachu. Nilikuwa sina haja ya kudanganya, na nakiri nilifurahi sana.

Mikidadi alipokwenda nikamwambia Stella kwamba kwa umri wake mwanamke hachagui tena, anashukuru kwa alichonacho, na alichonacho ni baba. Akasema, "Ndiyo, Baba." Akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe kwenye mvua ile ile, bila mwavuli.

7 Aprili

Pasaka. Nyama nimekula kama natafuna kamba. Hilaria akaniuliza imekaaje. Nikamtazama Stella midomo, imelegea, nikasema tamu kweli.

9 Aprili

Mvua.

13 Aprili

Aristides kaleta sampuli za mwisho wa msimu, mifuko minne. Stella alionja na mimi, mmoja baada ya mwingine, na mimi nikatangaza mmoja baada ya mwingine. Aristides aliandika kila neno. Kabla ya kuondoka akasema mzee, ulimi wako ungewekewa bima. Stella alikuwa anasuuza vijiko, akatulia kidogo, akaendelea kusuuza.

Namwangalia binti huyu na siku hizi simwelewi. Zamani nilikuwa nikimkaripia analia. Sasa anasikiliza hadi mwisho, kana kwamba nasoma taarifa ya habari.

20 Aprili

Cha tatu. Mbaya wangu ana akili. Wiki iliyopita alikuja nikiwa shambani, akayeyusha mshumaa akaumimina ndani ya kikombe, ulipoganda akautoa mzima na kupima pale pale ambapo unga unakaa. Milimita hamsini na saba na nusu, akasema. Wala si hamsini na nane kama alivyodhani, na nusu hiyo ndiyo iliyokuwa inamtesa.

Kimeingia. Mungu wangu, kimeingia kama mguu kwenye kiatu chake. Hakikwami, hakiachi unga pembeni. Stella alisimama mlangoni ameshika khanga kifuani, sijamwona hivyo tangu awe msichana. Kwa bahati yangu umeme ukakatika. Nikasema kiacheni hapa, Jumamosi ijayo tutaonja.

Mikidadi akaitikia, akasalimu, akaondoka akipiga mluzi chini ya mvua.

21 Aprili

Stella alipokwenda kwaya nikakizamisha kishindilio kwenye ndoo ya maji ya mvua chini ya michirizi, nikaweka jiwe juu yake. Ni mti. Mti ukinywa maji unavimba. Hata mtoto wa Kichagga anajua, ndiyo maana mipini ya majembe yetu tunaikausha juu ya moto jikoni.

26 Aprili

Nimekitoa, nimekifuta kwa kitambaa, nimekirudisha juu ya kabati kilipokuwa.

27 Aprili

Kimekwama. Mikidadi alikisukuma, akakizungusha, akakisogeza puani akanusa. Akapitisha kidole gumba kwenye kitako ambacho nyuzi za mti zilikuwa zimesimama. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Stella alikuwa anatazama nje, kwenye ndoo, ambayo jiwe lilikuwa bado limo ndani. Nilisahau kulitoa.

Nikawaambia masika yameharibu, si kosa la mtu. Mikidadi akasema ni kweli mzee, masika ya mwaka huu yana mikono.

Hilaria alikuja jioni kunisema. Anasema binti wa watu hafugwi. Nikamwambia aende akafuge kuku wake. Yeye ana wanawe wawili Dar wanaomkumbuka, anajua nini kuhusu kubaki peke yako katika nyumba yenye vyumba vinne? Sina sababu ya kumweleza. Naogopa, na sitamwambia mtu yeyote kwamba naogopa.

4 Mei

Mvua. Migomba miwili imeanguka. Stella amekata, amebeba, amelisha. 

11 Mei

Leo katika chakula nilimwambia wanaume wa mjini wanaoa wa pili kabla wa kwanza hajazoea jiko. Akasema, "Baba, kula, kinapoa." Nikala. Sijui kilikuwa na nini.

18 Mei

Amekuja na kingine. Nilipokipokea mkono ulishuka, ni kizito. Chuma. Ametafuta pistoni ya lori bovu, ameikereza hadi imekuwa kishindilio, kitako kinaakisi uso. Akaniambia bila mzaha wowote, "Hiki, mzee, hakinywi maji."

Aliniangalia machoni aliposema. Anajua. Wanajua wote wawili.

Kimeingia sawasawa, milimita kwa milimita. Hakiwezi kuvimba, hakiwezi kupasuka. Kimebaki kitu kimoja tu cha kukikataa, nacho ni ulimi, na ulimi wa Sirili hakuna anayebishana nao kuanzia hapa hadi mnadani. Nikasema tutaonja tarehe moja Juni, mbele ya mashahidi, nitamwalika Aristides. Nikisema kimeharibu kahawa mbele ya mnunuzi mzima anayeheshimiwa, nani atafungua mdomo? Na Aristides mwenyewe ataona kazi ya ulimi wangu kabla ya kutia saini. Sina hata haja ya kumtazama Stella siku hiyo. Neno la kusema ninalo tayari.

Nililala vizuri.

25 Mei

Mvua zinakatika. Mlima umejitokeza asubuhi, mweupe hadi mabegani. Stella anafua nguo zake zote, hata za baridi. Nimeona ameanika zile za mama yake pia. Nikafikiri, vizuri, amekubali, anapanga nyumba. Mtoto mtiifu.

1 Juni

Nitaandika yote.

Walikaa sebuleni. Aristides kwenye kiti cha mgeni, na shati lake jeupe. Hilaria karibu na dirisha. Mikidadi kwenye stuli, amevaa koti lililombana, ametulia mno. Stella alikuwa jikoni na mashine. Tulimsikia anasaga, tukasikia kishindilio kikigonga kikombe mara moja, kisha mashine ikapiga kelele. Wengine walisema harufu imekuja. Nikasema kweli.

Akaleta vikombe vinne vidogo kwenye sinia. Mwenye nyumba huonja kwanza, ndivyo tufanyavyo hata kwa mbege, mgeni ajue hakuna ubaya uliowekwa. Nikachukua cha kwangu. Povu lilikuwa zuri, la rangi ya asali, na moyo uliniuma kidogo kwa sababu kwa macho tu niliona kijana amefanya kazi. Nikavuta kwa kelele, kama mnadani. Nikazungusha mdomoni. Maji ya moto.

Nikaweka kikombe chini polepole. Nikasema haya, nayakumbuka yote: kwamba mbele kuna uchachu, nyuma kuna uchungu wa kuungua, katikati hakuna mwili, nyepesi mdomoni. Kwamba chuma kimebana unga wa katikati na kuonea wa pembeni. Kwamba kahawa ya Kibosho imedhalilishwa, na mtu anayedhalilisha kahawa yangu sitamkabidhi binti yangu. Nilisema vizuri sana. Aristides alikuwa anatikisa kichwa kwa heshima.

Kisha Aristides akanywa.

Hakumeza. Aliinuka, akakimbilia mlangoni, akatema kwenye maua. Hilaria akagusa kikombe chake kwa ncha ya ulimi, akakiweka dirishani, akanitazama mimi, wala si Stella. Mikidadi hakuelewa, akanywa funda zima, macho yakamtoka.

Stella alikuwa amesimama na sinia tupu. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimetia chumvi, Baba. Kijiko kizima kila kikombe."

Aristides akarudi ndani.

"Uchachu umeusikia, uchungu umeusikia. Chumvi hukuisikia." Akageuka kwa Aristides. "Tangu Februari hasikii kitu. Ananisoma mimi usoni. Nilijua siku ile ya kwanza, nikawa namsaidia, namkunjia pua aone. Nilidhani ataniambia mwenyewe."

Alikuwa akinisaidia! Siku zote hizo nilijiona mjanja namwiba, kumbe ananipa.

 Nikasema ni mafua. Aristides akafuta mdomo na leso, akasema mzee usijali, tutawasiliana, akaangalia saa yake. Anapoangalia saa hivyo nimemjua, nimekaa naye kwenye meza za wakulima ambao mzigo wao hautachukuliwa. Gari lake likaondoka bila kupashwa moto.

Mikidadi ndiye aliyenimaliza. Aliinuka, akanishika bega kwa mkono wake mzito wa chuma na girisi, akasema, "Pole sana, mzee." Alimaanisha. Angenitukana ningekuwa na nguvu za kusimama.

2 Juni

Stella ameondoka baada ya misa ya kwanza, na sanduku la mama yake. Hilaria amemsindikiza, amembebea na mkungu. Nilikuwa kitandani nimegeukia ukuta. Alisimama mlangoni, akasema shikamoo Baba. Sikuitikia.

3 Juni

Ng'ombe amelia mchana kutwa. Sijui anakatiwa majani kiasi gani.

6 Juni

Aristides amempa kazi mtu wa Machame.

9 Juni

Kanisani wamenipisha njia, wananisalimia wakiwa wameinamisha kichwa. Mama mmoja ameniuliza kama ni kweli hata asali siisikii. Nikamwambia hata upumbavu wake siusikii, napita tu. Nilikuwa nimebaki na ulimi wa kusema, nikaona uko mzima.

Nyumbani hakuna wa kusema naye.

14 Juni

Hilaria amekuja kunikamulia. Nikamwuliza Stella yukoje. Akasema wameshaandikishana ndoa kwa Mkuu wa Wilaya, yeye abaki na dini yake na mume na yake, na amenenepa. Nikamwambia nimewaza kwenda kuchukua binti yangu. Akamaliza kukamua, akasema isale liko pale mpakani, hakuna anayeliuza.

15 Juni

Nimekata isale lililoota juu ya kaburi la mke wangu, Elinipendo, nikalifunika kwa gazeti wasilione kwenye gari, nikateremka Majengo.

Karakana iko mbele, nyumba nyuma. Mikidadi aliponiona alizima mashine ya kukereza, akasema shikamoo mzee, akaniita ndani, kisha akatoka na kutuacha. Stella alikuwa amekaa kwenye mkeka anatwanga kahawa kwenye kinu kidogo. Alikuwa amenenepa kweli.

 Nikafungua gazeti, nikanyoosha jani kwa mikono yote miwili. Mimi, kwa mtoto niliyemzaa. Nikasema nimekosa. Nikasema ndoo, nikasema jiwe, nikasema yale ya umri wake. Nikasema njoo nyumbani, hata na mume wako, vyumba viko vinne. Nilikuwa nalia na sikuona aibu. Yeye ni Mchagga, ameona isale, nilijua hawezi kukataa.

Hakukataa. Aliinuka, akapiga goti kidogo, akalipokea kwa mikono miwili, akaliweka juu ya kabati panapoonekana.

"Nimekusamehe, Baba," akasema. "Kusamehe ni jambo moja, na kurudi ni jambo lingine."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama nilivyolisema mimi, neno kwa neno, na akasubiri likae vizuri. Kisha akasema nisiondoke bila kunywa kitu. Akaniwekea kikombe cha kahawa, akauliza ikoje.

Nikanywa. Maji ya moto. Nikainua macho nimtazame usoni, kama nilivyozoea. Alikuwa ameshanigeuzia kisogo, anaosha kinu, na akaosha hadi nilipomaliza.

16 Juni

Kumekucha jua. Nimeiwasha mashine, nimejitilia unga, nimeshindilia kwa kile cha chuma alichoniachia Mikidadi. Kinaingia sawasawa kabisa.